Mlango wa Chumvi Katika Utumbo: Jinsi Kuhara Kunavyoua Ndama, na Jinsi ya Kumwokoa

Kila mwenye ng'ombe wa maziwa amekwisha kumwona ndama anayehara. Jana jioni alinyonya vizuri na kurukaruka. Leo asubuhi mkia wake umelowa, kinyesi chake ni cheupe au cha manjano, tena chepesi kama maji, na macho yameanza kuingia ndani. Kesho hawezi kusimama. Akifa, mwenyewe husema, "Ameuawa na kuhara." Maneno hayo ni kweli, lakini hayatamsaidia ndama atakayezaliwa mwaka ujao. Yakupasa kujua kuhara kunaua namna gani. Ukilijua hilo, utajua pia kwa nini dawa ya kwanza ya ndama huyo ni maji yenye chumvi na glukosi, na kwa nini kumnyima maji ni kumharakishia kifo.

Jambo hili linamhusu hasa mkulima wa shamba la settlement. Tangu mpango wa ekari milioni moja ulipoanza mwaka 1962, ng'ombe wa gredi amekuwa tegemeo la nyumba nyingi katika mashamba ya namna hii. Ekari zako ni chache, wala huwezi kuweka kundi kubwa. Ndama jike akifa akiwa na siku nne, hukupoteza ndama tu. Umepoteza ng'ombe ambaye angeanza kukamuliwa baada ya miaka miwili na nusu au mitatu, pamoja na maziwa yote ambayo yangekwenda katika chama cha ushirika, na ndama wote ambao angekuzalia.

KUHARA KUNAUA KWA KUKAUSHA

Wako wanaodhani kwamba vijidudu huyala matumbo ya ndama mpaka afe. Wengine hudhani kwamba maji anayokunywa ndiyo yanayotoka, kwa hiyo humnyima maji na maziwa ili "tumbo likauke". Ndama huyo huendelea kuhara vilevile, na hufa upesi kuliko yule aliyeachwa anywe.

Zaidi ya theluthi mbili za uzito wa ndama mchanga ni maji. Chukua ndama wa kilo 40. Akipoteza lita 2, dalili huanza kuonekana. Akipoteza lita 3 au 4 huwa mnyonge na hataki kusimama. Akikaribia lita 5 au 6 yuko mlangoni mwa mauti. Damu yake imekuwa nzito na haifiki vizuri miguuni, na ndiyo sababu ukigusa miguu na mdomo wake utaona ni baridi. Basi fikiri: robo ya debe la maji ndiyo inayomtenga ndama mzima na mzoga.

Maji hayo yanatoka wapi? Hayatoki katika ndoo uliyompa. Yanatoka katika damu na nyama ya ndama mwenyewe, nayo hupita katika ukuta wa utumbo na kumwagika nje. Hata ukimnyima maji kabisa yataendelea kutoka. Ili tujue sababu, tuutazame ukuta huo na milango yake.

MAJI HUFUATA CHUMVI

Kwanza shika kanuni moja. Umewahi kuona ngozi ya ng'ombe iliyopakwa chumvi ili isioze. Baada ya muda mfupi maji hutoka katika ngozi na kutiririka. Mama nyumbani akinyunyiza chumvi juu ya kabichi iliyokatwa, bakuli hujaa maji ambayo hakuyatia. Chumvi huvuta maji. Penye chumvi nyingi, maji huenda huko.

Mwili hutumia kanuni hiyohiyo. Mwili hauna pampu ya kusukuma maji kutoka upande huu wa utumbo kwenda upande wa pili. Una pampu na milango ya chumvi tu. Ukitaka maji yaingie katika damu, mwili hupitisha chumvi kuelekea kwenye damu, na maji hufuata. Ukitaka maji yatoke kwenda katika utumbo, hupitisha chumvi kuelekea kwenye utumbo, na maji hufuata vilevile.

Jua pia kwamba chumvi ya jikoni ni vitu viwili vilivyoshikamana, navyo ni sodiamu na kloridi. Chumvi ikiyeyuka katika maji, vitu hivyo huachana, na kila kimoja huwa na njia zake na milango yake. Katika habari hii ya kuhara, kloridi ndiyo inayotangulia.

UKUTA WA UTUMBO

Ndani ya utumbo mwembamba kuna vinyweleo vingi sana, vidogo kama nyuzi za kitambaa cha taulo. Kati ya vinyweleo hivyo kuna vishimo vidogo. Vinyweleo na vishimo vyote vimefunikwa na safu moja tu ya chembe hai, ambazo wataalamu huziita seli, zilizopangwa bega kwa bega kama matofali ya ukuta. Kila chembe ina nyuso mbili. Uso mmoja unatazama chakula kilicho ndani ya utumbo, na uso wa pili unatazama damu.

Kazi zimegawanywa. Chembe za juu ya vinyweleo hunyonya chakula, chumvi na maji kuvipeleka katika damu. Chembe za ndani ya vishimo hutoa chumvi na maji kuvipeleka katika utumbo. Usishangae kwamba mwili hutoa maji na kuyarudisha tena. Chakula kikavu hakiwezi kusagika wala kusafiri, na tindikali za kusaga chakula haziwezi kukifikia bila maji. Vilevile maji hayo huwasafisha wadudu na uchafu kutoka katika ukuta. Kwa mtu mzima, lita 8 au 9 za maji huingia katika utumbo kila siku. Kiasi cha lita 2 tu ndicho alichokunywa na kula. Mengine yote yametoka mwilini mwake mwenyewe, katika mate, tumbo, nyongo, kongosho na utumbo. Karibu yote hurudishwa katika damu, na robo ya lita haifiki inayotoka na choo.

Hesabu hiyo ni kama ya duka. Mali nyingi hutoka na mali nyingi huingia, na faida iko katika tofauti ndogo iliyobaki. Kinachotoka kikizidi kidogo tu kile kinachorudi, duka hufilisika. Ndivyo kuhara kulivyo.

MLANGO WA KLORIDI UNAVYOFANYA KAZI

Sasa tuitazame chembe moja ya ndani ya kishimo. Mkulima aliyewahi kuona mfereji wa kunyweshea mimea hatapata taabu kuelewa. Mfereji unahitaji pampu ya kujaza bwawa, njia ya maji kuingia bwawani, na mlango wa kuyaachilia yaende shambani.

Kwanza iko pampu. Imekaa katika uso wa chembe unaotazama damu, nayo hufanya kazi usiku na mchana. Kila mara hutoa nje sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili, ikitumia nguvu zitokanazo na chakula. Pampu hii iligunduliwa mwaka 1957 na Jens Skou wa Denmark, naye alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1997. Kwa sababu ya pampu hii, ndani ya chembe sodiamu huwa haba, na sodiamu iliyo nje hutafuta kila njia ya kurudi ndani.

Pili iko njia ya kuingilia, nayo pia iko katika uso wa damu. Njia hii haimruhusu mmoja kupita peke yake. Ni lazima waende pamoja: sodiamu moja, potasiamu moja na kloridi mbili. Sodiamu inapokimbilia ndani huzivuta kloridi pamoja nayo. Kisha sodiamu hutolewa tena na pampu, na potasiamu hurudi kwenye damu kwa mlango wake yenyewe, lakini kloridi hubaki. Hivyo chembe hujaa kloridi kama bwawa lililojaa maji.

Tatu uko mlango wa kutokea. Huu umekaa katika uso unaotazama utumbo. Ukifungwa, kloridi hukaa. Ukifunguliwa, kloridi hutiririka kuingia katika utumbo. Kloridi ina umeme wa namna moja na sodiamu ina umeme wa namna ya pili, na vitu hivi huvutana. Kwa hiyo sodiamu hupenya kati ya chembe na chembe kuifuata kloridi. Vikikutana upande wa utumbo vinakuwa chumvi tena, na maji hufuata chumvi. Basi mlango mmoja mdogo ukifunguliwa, kloridi hutoka, sodiamu huifuata, na maji huzifuata zote mbili.

Wataalamu huuita mlango huu CFTR. Mwaka 1989 watafiti wa Kanada na Marekani waligundua asili yake katika damu ya ukoo walipokuwa wakichunguza ugonjwa mmoja wa kurithi, unaowapata zaidi watu wa asili ya Ulaya. Kwa wagonjwa hao mlango haufunguki sawasawa. Ute wa mapafu huwa mzito, na watoto wengine huzaliwa utumbo ukiwa umeziba kwa kinyesi kikavu. Hapo twajifunza kwamba mlango wenyewe si adui. Ukikosa kufunguka kabisa ni ugonjwa, na ukikosa kufungwa ni ugonjwa pia. Afya iko katika kufungua na kufunga kwa wakati wake.

NANI HUTOA AMRI?

Mlango haufunguki wenyewe. Hungoja amri. Chakula kinapogusa ukuta wa utumbo, mishipa ya fahamu na homoni za utumbo hupeleka habari kwenye chembe. Habari hiyo huishia kwenye uso wa nje, kama tarishi asiyeruhusiwa kuingia ofisini. Ndani ya chembe wako wajumbe wengine wanaoipokea na kuipeleka mpaka mlangoni. Wajumbe hao wakiwa wengi, fosfeti hubandikwa juu ya mlango nao hufunguka.

Chembe ina njia pia ya kufuta amri. Iko vimeng'enya ambayo kazi yake ni kuwaharibu wajumbe baada ya muda mfupi, na mingine ya kuibandua fosfeti. Hapo mlango hufungwa. Kwa hiyo kwa mnyama mzima mlango hufunguliwa wakati wa kula na kufungwa baadaye, na kinyesi hutoka kikiwa kimeshikamana.

KIJIDUDU NA BARUA YA UONGO

Sasa tumfikie adui. Ndama akizaliwa katika banda chafu, jambo la kwanza analolamba huweza kuwa mavi. Katika mavi hayo huweza kuwamo kijidudu kinachoitwa E. coli. Aina nyingi za kijidudu hiki hazina madhara, lakini iko aina yenye nywele fupi za kujishikiza katika utumbo wa ndama aliye na umri wa siku chache tu. Ikisha kushika, hutoa sumu.

Sumu hiyo ni werevu mtupu. Mwaka 1992 wataalamu waligundua homoni moja ambayo utumbo huitengeneza wenyewe ili kuamuru mlango wa kloridi. Sumu ya E. coli imefanana na homoni hiyo hata chembe haiwezi kuzitambua. Ni kama mwizi aliyeandika barua ya uongo na kuipiga muhuri wa ofisi. Askari wa lango akiuona muhuri hufungua. Na barua hizo haziji moja. Maadamu vijidudu wamo, zinakuja bila kukoma, na mlango hukaa wazi usiku na mchana.

Kipindupindu cha binadamu hufanya kazi hiyo kwa njia nyingine iliyo mbaya zaidi. Sumu yake haiandiki barua. Huingia ndani ya chembe na kumshika yule anayetoa amri, hata asiweze kunyamaza. Mtu wa kwanza kuonyesha wazi kwamba kipindupindu hufanya kazi kwa sumu ndani ya utumbo alikuwa daktari wa Kihindi, S. N. De, katika mji wa Calcutta, mwaka 1959. Kwa sumu hii mtu mzima huweza kupoteza lita nyingi kwa siku moja.

Kuna pia vijidudu vinavyoleta kuhara bila kuushika mlango wa kloridi peke yake. Rotavirusi na kriptosporidia, ambavyo huwapata ndama katika majuma ya kwanza ya maisha yao, huharibu vile vinyweleo vinavyonyonya maji. Hapo kinachotoka hakirudi. Njia ni tofauti, lakini mwisho wake ni uleule, yaani mwili kukauka.

Lakini iko habari njema. Chembe za ukuta wa utumbo hazikai sana. Kila baada ya siku chache, kama tatu mpaka tano, chembe za zamani huanguka na mpya hukua kutoka katika vishimo. Chembe mpya haikushikwa na sumu ya jana. Basi ukiweza kumweka ndama hai kwa siku hizo chache, mara nyingi utumbo wake utajitengeneza wenyewe. Kazi yako wewe si kuufunga ule mlango. Kazi yako ni kulipa deni la maji na chumvi kila siku mpaka ukuta mpya uote.

MLANGO WA PILI AMBAO SUMU HAIUGUSI

Hapo utauliza: "Nitalipaje deni hilo, kama kila kinachoingia kinatoka?" Ukimpa maji matupu, kiasi kikubwa hakitaingia katika damu, kwa maana maji hufuata chumvi. Ukimpa maji ya chumvi peke yake, utumbo mgonjwa hushindwa kuipokea chumvi hiyo vizuri.

Jibu lilianza kupatikana mwezi wa Agosti 1960 katika mji wa Prague, pale mtaalamu wa Kimarekani, Robert Crane, alipoeleza kwamba juu ya vinyweleo kuna mlango mwingine. Mlango huu hupokea sodiamu na glukosi kwa pamoja. Glukosi ni sukari nyepesi kabisa ambayo mwili huitumia. Kila glukosi moja huingia na sodiamu mbili, na kwa kuwa ni chumvi, maji hufuata. Jambo kubwa ni hili: sumu inayoshikilia wazi mlango wa kloridi haiugusi mlango huu wa glukosi. Maji yanamwagika kwa mlango mmoja, lakini mlango wa pili ungali mzima, nao unakungoja uutumie.

Mwaka 1968 madaktari katika mji wa Dhaka walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu waweza kuokolewa kwa kunyweshwa maji yenye chumvi na glukosi. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi wengi walikimbilia India, na kipindupindu kikaingia katika kambi ya Bangaon. Maji ya kutia mshipani yalikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamuru glukosi, chumvi na bikaboneti ya soda zichanganywe katika mapipa, na jamaa za wagonjwa wakawanywesha wenyewe kwa vikombe. Kabla ya hapo karibu wagonjwa 30 katika kila 100 walikuwa wakifa. Waliotibiwa kwa maji hayo, waliokufa hawakufika 4 katika kila 100. Hakuna mtambo uliotumika. Walitumia tu ule mlango wa pili.

Mkulima, unalo jambo lilelile katika banda lako. Ndama wako ana mlango huohuo.

SUKARI YA CHAI HAIMFAI NDAMA

Hapa uwe mwangalifu. Kwa mtoto wa binadamu, sukari ya chai yafaa kuchanganywa na chumvi, kwa sababu utumbo wake huivunja na kupata glukosi. Utumbo wa ndama mchanga hauwezi kuivunja sukari ya chai. Ukimpa, sukari hiyo itabaki ndani ya utumbo, nayo, kama chumvi, itavuta maji. Utakuwa umemzidishia kuhara kwa mkono wako.

Tumia unga wa chumvi za ndama uuzwao katika maduka ya dawa za mifugo. Ndani yake mna glukosi, sodiamu, potasiamu, na kitu cha kupunguza asidi, kama vile bikaboneti au asetati. Hicho cha mwisho ni cha lazima kwa ndama, maana anayehara sana damu yake huwa na asidi, naye hulegea na kukataa kunyonya. Kama usiku umeingia na maduka ni mbali, pakiti za chumvi zinazotolewa kwa watoto ni afadhali kuliko sukari ya chai, kwa sababu zina glukosi. Lakini kesho yake tafuta zile za ndama.

MAMBO YA KUFANYA

1. Anza mara uonapo kinyesi chepesi. Usingoje macho yaingie ndani. Mtenge ndama huyo na wenzake, na umweke mahali pakavu penye joto.

2. Pima ukavu wake. Vuta ngozi ya shingo kwa vidole viwili kisha uiachilie. Ikirudi mara moja, hali si mbaya. Ikikawia zaidi ya sekunde mbili, amekauka. Tazama macho pia, na utie kidole mdomoni uone kama ana joto na kama ananyonya.

3. Changanya dawa kwa kipimo kilichoandikwa katika pakiti, katika maji safi yenye uvuguvugu. Usiongeze unga ukidhani itakuwa na nguvu zaidi. Chumvi ikizidi huvuta maji kutoka mwilini, nayo huweza kuua. Yaliyobaki baada ya siku moja yamwage.

4. Mpe lita 2 kwa mara moja, mara mbili au tatu kwa siku, kulingana na ukubwa wake na kiasi anachohara. Ndama mdogo wa Jersey apewe kidogo kidogo, mara nyingi zaidi.

5. Usimwachishe maziwa. Maziwa ndiyo chakula chake, na chembe mpya za utumbo haziwezi kukua bila chakula. Mpe kidogo kidogo, na uache kama saa mbili kati ya maziwa na maji ya dawa. Usivichanganye katika ndoo moja, ila kama pakiti imesema yafaa.

6. Tumia chupa yenye chuchu. Ndama asiyeweza kunyonya usimmiminie mdomoni kwa nguvu, kwani maji yataingia mapafuni.

7. Mwite daktari wa mifugo bila kukawia ikiwa ndama hawezi kusimama, hanyonyi, mdomo wake ni baridi, au kinyesi kina damu. Huyo anahitaji maji ya mshipani, na saa moja ni kitu kikubwa kwake.

8. Usinunue dawa za kuua vijidudu kwa kubahatisha. Haziui rotavirusi wala kriptosporidia, na zikitumiwa ovyo huwafanya vijidudu wengine kuzizoea. Daktari wa mifugo ndiye atakayesema kama zinahitajika. Hata akizitoa, maji yenye chumvi yasikome.

WATOTO NYUMBANI

Haya tuliyosema ni ya mtoto wako pia. Kipindupindu kiliingia Kenya mwaka 1971, nacho kimerudi mara nyingi tangu hapo. Mtoto anayehara apewe maji ya chumvi za pakiti. Tangu mwaka 2002, kipimo cha Shirika la Afya Ulimwenguni kwa lita 1 ya maji ni gramu 13.5 za glukosi, gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu, na gramu 2.9 za sitreti ya sodiamu. Kama huna pakiti, chukua lita 1 ya maji safi, utie vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko cha chai cha chumvi. Ziwa la mama liendelee. Mpeleke kliniki, ambako atapewa na zinki. Akiwa amelegea, anatapika kila kitu, macho yameingia ndani, au choo kina damu, usingoje hata kidogo.

Tena kumbuka kwamba vijidudu wengine wa ndama huwapata watu. Anayemhudumia ndama mgonjwa anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula au mtoto, na ndoo ya ndama isitumike jikoni.

KINGA NI BORA

Ndama wengi hawangehara kama wangepata vitu viwili katika siku yao ya kwanza. Cha kwanza ni dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama. Ndama huzaliwa bila kinga katika damu yake. Huipata katika dang'a, na utumbo wake huweza kuipokea kwa muda wa saa chache tu, kisha hufunga njia hiyo. Kwa hiyo ndama wa kilo 40 apate kama lita 4 ndani ya saa 6 za kwanza, na mara ya kwanza iwe ndani ya saa 2. Usimwage dang'a wala usimpe mbwa.

Cha pili ni usafi. Ng'ombe azalie mahali pakavu palipofagiliwa, au katika majani safi. Kitovu cha ndama kitiwe dawa ya ayodini. Ndoo zioshwe kila baada ya kunywesha, na ndama wakubwa wasilale pamoja na wachanga.

Basi, Ndugu Mkulima, nunua pakiti chache za chumvi za ndama leo, uziweke nyumbani mahali pakavu kabla ng'ombe wako hajazaa. Waonyeshe mke, mume na watoto zilipo na jinsi ya kuzipima, maana ndama hachagui siku ya kuugua, na huenda wewe umekwenda sokoni. Siku mkia wa ndama utakapolowa, mtajua kwamba mlango mmoja umeshikiliwa wazi na adui, na kwamba mlango wa pili ni mzima. Mpitishieni maji kwa mlango huo, leo, kesho na kesho kutwa, mpaka utumbo wake uote ukuta mpya.